Mkunga Katoroka

Mimi ni mtoto wa Tanga, na kosa langu lilikuwa kulitaja jambo hilo kazini. Tunaishi Lowell, Massachusetts, na kwenye zamu yetu yupo mzee mmoja wa asili ya Ureno ambaye Septemba ikifika ukingoni, akili yake huhamia baharini. Akaniuliza kama nimewahi kuvua. Nikamjibu kwamba nimezaliwa na mshipi mkononi. Ukweli ni kwamba samaki karibu wote niliowavua maishani niliwavua kwenye sufuria ya mama.

Ijumaa hiyo gari langu lilikuwa bovu, nikaazima la mke wangu, nikashika njia ya Race Point, kule kwenye ncha kabisa ya Cape Cod. Mzee alishatangulia. Majira hayo straipa huanza kuteremka kusini kuikimbia baridi, na njiani wanakula kama wageni wa harusi. Ni samaki mzuri: mistari myeusi saba au minane ubavuni, imenyooka kama ya mkeka. Usiku husogea hadi kwenye povu la wimbi, karibu na mchanga, na akimwona mkunga hai, yule samaki mrefu kama nyoka, anapapatika, hajizuii.

Nikanunua dazeni ya mikunga. Hapo ndipo nilipojua kwamba mkunga hashikiki. Ni sawa na kushika mlenda wenye roho. Ukimtia ndoana anajiviringisha kwenye mshipi na kufunga mafundo ambayo hata baharia hayajui. Mzee akanifundisha dawa yake: ndoo yenye barafu na kitambaa kibichi. Wakipata baridi wanapoa. Asiyepoa, mpigize chini kidogo azubae.

Akanivika ovaroli la mpira linalofika kifuani, akanikaza mkanda kiunoni, maana ukianguka na maji yakaingia humo unakuwa mtungi. Tukazima taa, tukaingia. Papa weupe huja pwani ile kuwinda sili, kwa hiyo maji yangu mimi yaliishia magotini. Mzee anaweza kufika kiunoni. Yeye kashasomesha watoto wote.

Wa kwanza kunitembelea hakuwa straipa, alikuwa blufishi. Huyu ana meno ya msumeno na roho ya mdai kodi. Nilihisi kishindo, nikavuta kwa nguvu zote, nikapata kichwa cha mkunga wangu. Kiwiliwili hakipo, kimekatwa kama kwa kisu. Nikatupa mwingine, kichwa. Mwingine, kichwa. Mikunga sita ikaenda hivyo. Wa saba ndiye aliyeniletea straipa, na nilipiga kelele iliyowaamsha ndege. Mzee akampima: inchi 26. Sheria inataka awe kati ya 28 na 31, na mmoja tu kwa siku. Akampima tena, kwa huruma. 26. Tukamrudisha.

Saa nane usiku nikabeba ndoo yangu kwenda garini. Nikaiweka kiti cha nyuma, nikavua ovaroli, nikarudi kufunika. Ndani ya ndoo kuna wanne. Nikahesabu vidole. Dazeni, toa saba, wanabaki watano.

Mkunga mmoja yuko ndani ya gari la mke wangu. Mke wangu ana mimba ya miezi saba.

Nilitafuta kwa tochi chini ya viti, nikaona tu utelezi unaoelekea kwenye upenyo wa kiti cha nyuma. Kiti chenyewe sijui kinafunguliwaje. Nikapiga simu nyumbani. Akapokea mama mkwe, aliyefika wiki hiyo kumwangalia bintiye. Mwili wake bado ulikuwa Singida, ambako ilikuwa saa tatu asubuhi. Sasa, mama mkwe amekulia bara. Samaki wake ni dagaa wa Mwanza. Mkunga anayemjua yeye ni mmoja tu, yule anayezalisha. Mimi sikuliwaza hilo, nilikuwa nimelowa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba Salma. Kwema?"

"Kwema mama. Naomba uniamshie mama Salma. Mkunga katoroka."

Kimya.

"Mkunga gani?"

"Niliyemnunua kwa ajili ya usiku huu. Nilimtia kwenye barafu apoe, nimegeuka tu, hayupo."

"Umemtia mkunga kwenye barafu?"

"Ndiyo mama, la sivyo wanasumbua sana. Yule mzee anasema wengine mpaka uwapigize chini."

"Wako wangapi, baba Salma?"

"Walikuwa kumi na wawili. Sita wameliwa."

Nikasikia simu ikidondoka, kisha sauti yake ikipaa ngazi: "Mwanangu, amka! Amka ufunge milango, mumeo amejiunga na watu!"

Mke wangu alichukua simu, akasikiliza, akacheka mpaka nikaogopa atajifungua. Kisha akauliza, taratibu, mkunga huyo yuko gari gani. Nikamwambia, la mzee.

Nilirudi alfajiri nikasugua utelezi wote. Jumapili gari likaanza kunuka. Mke wangu akalalamika, nikamwambia ni mimba, pua za wajawazito ndivyo zilivyo. Mama mkwe akaniunga mkono, akasema hata yeye alipokuwa na mimba alikuwa ananusa vitu visivyokuwepo.

Jumanne tukaenda kliniki. Mama mkwe alikaa nyuma, kanga puani, bila neno. Tulipofika taa za barabarani alianza kusogeasogea, akapapasa upenyo wa kiti, akavuta kitu, akakitazama kwa muda mrefu.

"Baba Salma," akasema kwa upole, "simamisha gari. Mkunga wako huyu hapa. Ameshafariki."