Majaji wautazame utafiti wa lumbesa

Nimesoma habari hii ya wahisani kufadhili tuzo ya chuo kikuu kwa utafiti bora wa uchumi na menejimenti, na nimefurahi kweli. Wanaonung'unikia fedha za wafadhili wakumbuke kwamba hata tuzo ya uchumi inayotolewa pamoja na zile za Nobel ilianzishwa mwaka 1968 kwa mchango wa Benki Kuu ya Sweden. Mmoja wa walioipata mwaka 2009 ni Elinor Ostrom, aliyechunguza namna watumiaji wa maji ya mifereji wanavyojiwekea kanuni za kugawana. Wakulima wa mpunga wa Mbarali, hilo si swali letu kabisa?

Ombi langu kwa majaji wa tuzo hiyo ya chuo kikuu ni utafiti wa lumbesa, yaani ule ujazaji wa gunia kupita kipimo chake. Njooni Uyole, Mbeya, msimu wa viazi muone gunia limejaa hadi mdomoni, juu likaongezwa kilemba na kufumwa kwa kamba, halafu mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria inakataza, kila mtu anajua, na biashara inaendelea. Kwa nini? Mwanafunzi akilijibu hilo kwa hesabu, apewe tuzo, na matokeo yake yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ripoti haijafungiwa kabatini.