Makala imemruka Peter Schutz

Makala yenu ya Porsche 911, lile gari la michezo la Kijerumani, ni tamu, lakini hapo mnaposema 911 haijatetereka tangu ilipooneshwa kwenye maonesho ya magari ya Frankfurt mwaka 1963, nakataa. Ilibaki kidogo tu izikwe. Wakubwa wa Porsche kule Stuttgart walishapanga kwamba Porsche nyingine, 928, yenye injini ya V8 mbele na kupozwa kwa maji, ndiyo ishike nafasi yake. Mwaka 1981 akaingia bosi mpya, Peter Schutz, Mmarekani mzaliwa wa Berlin. Akiwa ofisini kwa mkuu wa uhandisi, Helmuth Bott, akaona chati ya mipango ya magari ukutani: mistari ya 928 na ndugu yake 944 inaendelea, wa 911 umekatika mwisho wa 1981. Mwenyewe alisimulia kuwa alichukua kalamu akauvuta mstari ule mpaka ukatoka kwenye karatasi, ukatambaa ukutani. Bott akacheka, akaelewa. 928 ikaja kufa 1995, aliyepangiwa kaburi bado yupo barabarani.

Wanaolalamika kwamba 911 iliharibika ilipoacha kupozwa kwa hewa na kufungwa rejeta ya maji mwishoni mwa miaka ya 90, mimi simo. Biashara ilidai.

Ila Safari Rally mngeigusa jamani! 911 ilimaliza ya pili 1972 na dereva Zasada, 1974 na Waldegård nyuma ya Joginder Singh wetu na Mitsubishi yake, kisha 1978 na Vic Preston Jr. nyuma ya Peugeot 504. Gari lililotamba kwenye mashindano ya Le Mans na Monte Carlo, tope la Kenya likaligomea. Hiyo peke yake ni makala nyingine, mhariri, tuandikieni.