Epoksi ama redi oksaidi, stendi ya tangi inataka nini hasa

Hapa Nairobi kila mtu akiweka stendi ya tangi la maji ubishi ni ule ule, fundi wa welding anasema piga redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kwanza ya kuzuia kutu, halafu glosi (rangi ya kung'aa) juu imeisha, mwenye nyumba naye ameskia epoksi ya makopo mawili ile ya viwandani na anaitaka hiyo.

Stendi yangu Kayole ilipigwa redi oksaidi. Miaka miwili haikuisha, kutu ikaanza kwa maungio ya welding, nikikwangua na kucha rangi inatoka kama ganda la kitunguu na chini yake chuma ni cheusi tii, yaani lile gamba jeusi ambalo chuma hutoka nalo kiwandani halikuguswa hata na msasa. Sasa hapo kosa ni la rangi kweli?

Epoksi ni nzuri, sibishi. Ikikutana na hadna, ile dawa ya kopo la pili, inakuwa ngumu, maji na kemikali haziipenyi ovyo, na ukianza na praima (koti ya kwanza) ya zinki hata rangi ikichubuka zinki ndiyo inaliwa kwanza chuma kinabaki. Lakini jua haliwezi, ikikaa nje inatoa unga kama chaki, na sisi huku tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari jua linachoma, so lazima uongeze koti ya poliyurethani, rangi ya juu inayovumilia jua, na hiyo ni pesa nyingine. Tena ukishachanganya, masaa yanahesabika, na asubuhi za Julai chuma kimelowa umande huwezi kupaka, kinatakiwa kiwe angalau digrii 3 juu ya joto la umande kutunga.

Kitu watu hawasemi ni kwamba epoksi nyingi zinataka chuma kilichopigwa sandiblasti, yaani kusafishwa kwa mchanga wa presha, kikabaki cheupe karibu chote. Redi oksaidi ya kawaida inavumilia chuma cha brashi ya waya, epoksi nyingi ukizipaka hapo zinaweza kubanduka vipande vizima. Mombasa kwenye hewa ya chumvi, ama kiwanda chenye asidi, lipia hiyo sandiblasti bila kuuliza. Geti la nyumba ya kawaida mtaani Umoja hapa Nairobi? Hapana, hizo pesa mpe fundi akwangue siku nzima.

Yangu narudia Januari kukiwa kukavu. Grainda kwanza hadi gamba liishe, redi oksaidi koti mbili, glosi, na kule chini tu miguu inapoingia kwa simiti maji yakituama, hapo ndipo nimenunulia epoksi.