Taya Likifura, Tusubiri Maabara au Tuanze Dawa?

Kuanzia Kisumu hadi Siaya na Homa Bay, mtoto akifura shavu jambo la kwanza kufikiriwa ni jino. Mara nyingi ni jino kweli. Lakini ukanda huu wa Ziwa ndio pia wenye saratani ya Burkitt, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958, kwa kuwa malaria ya kila mara hudhoofisha kinga inayovidhibiti virusi vya Epstein-Barr, vinavyochangia saratani hii. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Mtoto aliyetibiwa jipu kwa wiki tatu amepoteza muda mwingi mno.

Kwa hiyo kuna hoja kwamba daktari mzoefu akiuona uvimbe aanze dawa za saratani papo hapo, majibu ya biopsi, yaani kipande cha uvimbe kinachokatwa na kupimwa maabara, yafuate. Hoja hii ina uzito. Burkitt huitikia dawa upesi, na taya huweza kunywea siku chache tu baada ya dozi ya kwanza ya cyclophosphamide. Kumlaza mtoto wodini akisubiri karatasi kutoka maabara ya mbali, huku uvimbe ukikua, ni ukatili.

Hata hivyo mimi naegemea upande wa pili. Macho hudanganya. Saratani ya misuli au jipu sugu huweza kufanana na Burkitt, na kila ugonjwa una tiba yake. Mwenye jipu akipewa dawa za kushusha kinga, maambukizi yanaweza kusambaa mwilini na kumuua. Dawa zikitangulia, hata kipande cha biopsi huwa kigumu kusomeka. Kupima virusi kwenye damu nako hakutuokoi: karibu watoto wote wa huku huambukizwa Epstein-Barr wangali wadogo, wengi wao wasipate saratani kamwe.

Biopsi inabaki kuwa ya lazima, ila ipo njia ya kupunguza kubahatisha. Sindano nyembamba huchomwa kwenye uvimbe, chembe hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Aliyezoea darubini anaweza kuziona siku hiyo hiyo seli za Burkitt, za buluu iliyokolea, zenye vitundu vidogo vyeupe. Pesa za kaunti ningezipeleka hapo: kwenye darubini, rangi na watu wa kuzisoma.

Lakini kosa la kwanza hutokea mapema zaidi, kwenye kiti cha kung'olea meno. Jino lenye jipu kwa kawaida limeoza na huuma. Magego kadhaa yakilegea kwa pamoja, mazima, na jicho la upande huo likianza kutokeza, hilo si jambo la jino. Simlaumu afisa wa kliniki mwenye foleni hadi mlangoni. Apewe tu kanuni fupi ya kumwongoza. Meno mazima yamelegea, au uvimbe haujapungua baada ya siku chache za antibiotiki, mtoto aandikiwe rufaa siku hiyo hiyo kwenda hospitali kuu ya Jaramogi huko Kisumu au ya Moi kule Eldoret, kabla koleo halijashikwa.