Linux au Windows: gemu zimevuka, walinzi wamebaki

Mwaka 2015 Valve, kampuni inayomiliki duka la gemu la mtandaoni liitwalo Steam, ilijaribu kuwauzia wachezaji kompyuta za sebuleni zilizoitwa Steam Machines. Zilitumia Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, na gemu zilizofunguka humo zilikuwa zile tu ambazo watengenezaji wenyewe walikubali kuziandikia toleo la Linux. Wengi hawakukubali. Nani ahangaike kwa ajili ya wateja wa kuhesabika? Mashine zile zilidoda, na waliozoea kuicheka Linux wakapata la kusema kwa miaka kadhaa.

Mambo yalibadilika Valve ilipoacha kuwabembeleza watengenezaji. Agosti 2018 ikatoa Proton, kifurushi kilichojengwa juu ya Wine, mradi ulioanza 1993 ili kuendesha programu za Windows kwenye Linux na mifumo ya ukoo wake. Gemu inabaki ile ile ya Windows. Inapoomba kitu kwa Windows, Wine inaitika badala yake. Inapotoa amri za kuchora kwa lugha ya Direct3D, kipande kiitwacho DXVK kinazigeuza ziwe za Vulkan, ambayo kadi ya picha kwenye Linux inaielewa. Kwa Direct3D 12 kazi hiyo ni ya VKD3D-Proton. Mkalimani huyu hatumii nguvu nyingi kama watu wanavyodhani, maana hakuna prosesa ya kuigiza. Gemu iliandikwa kwa prosesa ya x86, aina iliyomo kwenye kompyuta nyingi za kawaida, na mashine inayoiendesha ni x86 hiyo hiyo.

Kwa hiyo anayesema Linux imeshinda kwenye gemu amesema nusu. Imeshinda kwa kujifunza kuitika jina la Windows. Watengenezaji bado wanaiandikia Windows, wanaijaribu gemu kwenye Windows, na si ajabu kumkuta mtumiaji wa Linux akiliacha toleo la Linux lililotelekezwa na kucheza lile la Windows kupitia Proton. Wapenzi wa Linux wa siku nyingi jambo hili huwakera kidogo. Mchezaji wa kawaida hana habari nalo.

Tuanze na mashine za kushika mkononi, kwa sababu huko ndiko Windows inakoonekana mgeni. Steam Deck, mashine ya mkononi ya Valve, iliingia sokoni Februari 2022 ikiwa na skrini ya inchi 7, memori ya GB 16 na betri ya wati-saa 40. Kwenye mwili mdogo namna hiyo, kila kazi ya pembeni inayofanywa na mfumo endeshi inakula betri na kuongeza joto. Windows 11 ilibuniwa kwa mtu aliyekaa mezani, kipanya mkononi. Ukiiweka kwenye mashine ya inchi 7 unajikuta unalenga kwa kidole gumba kitufe kidogo kama punje, huku sasisho linadai uwashe upya na kibodi ya skrini inajitokeza usipoihitaji. SteamOS, Linux ya Valve iliyomo kwenye Deck, inafunguka moja kwa moja kwenye orodha ya gemu zako. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha katikati ya pambano, mashine inalala. Ukirudi jioni unaibonyeza tena na adui yako yuko pale pale, upanga juu. Kwangu mimi hili linazidi hoja zote za fremu, yaani picha ngapi zinachorwa kwa sekunde, maana mashine ya mkononi huchezwa kwa vipande vya dakika kumi, kumi na tano.

Na hata kwa fremu, Windows haiongozi kama ilivyotarajiwa. Mei 2025 Lenovo ilianza kuuza Legion Go S yenye SteamOS, mashine ya kwanza isiyo ya Valve kuuzwa rasmi na mfumo huo. Jarida la Ars Technica lilipoipima kwa SteamOS na kwa Windows 11, SteamOS iliongoza kwenye nyingi ya gemu zilizojaribiwa. Tafsiri iliishinda lugha ya asili! Jibu la Microsoft lilikuja Oktoba mwaka huo huo kwa ROG Xbox Ally, iliyotengenezwa pamoja na ASUS: ukiiwasha unaingia kwenye ukurasa wa Xbox wa skrini nzima, na sehemu kubwa ya mazingira ya kawaida ya Windows haipakiwi, ili memori ibaki kwa gemu. Ni hatua nzuri, na pia ni kukiri kwamba mzigo ulikuwepo. Hata hivyo mashine hiyo ina kitu ambacho SteamOS haina: Game Pass, usajili wa Microsoft wenye gemu unazopakua na kucheza bila intaneti. Kwenye Linux usajili huo unautumia kwa kutiririsha kupitia kivinjari tu. Kama gemu zako nyingi zinatoka humo, mjadala wako umeishia hapa.

Kuna faida nyingine ya mkalimani isiyosemwa sana. Elden Ring ilipotoka 2022, wachezaji wengi wa Windows walilalamika kwamba picha inakwama kwama. Watu wa Valve waliweza kulipunguza tatizo hilo kwenye Steam Deck kwa kurekebisha Proton, bila kuigusa gemu yenyewe. Tena, kwa kuwa Deck zote zina kadi ya picha ya aina moja, Steam huweza kukuletea sheda, yaani vile vipande vya programu vinavyochora mwanga na vivuli, zikiwa zimeshatayarishwa. Kwenye kompyuta ya Windows gemu nyingi huzitayarisha hapo hapo zinapohitajika, nawe unaonja mkwamo.

Sasa tufike ukutani. Gemu za ushindani mtandaoni huja na programu za kuzuia uchakachuaji, na nyingi kati ya hizo huingia hadi kwenye kerneli, chumba cha ndani kabisa cha mfumo, ambako zinaona kila kinachotendeka. Wine haina kerneli ya Windows ya kuwapa walinzi hao. Easy Anti-Cheat na BattlEye, wawili kati ya walinzi hao, zilifungua njia ya kufanya kazi na Proton mwaka 2021, lakini uamuzi wa kuiruhusu waliachiwa wenye gemu. Wapo walioruhusu. Fortnite, inayotoka kwa Epic, wamiliki wa Easy Anti-Cheat yenyewe, imekataa. Apex Legends iliruhusu kisha ikafunga mlango Oktoba 2024, wenyewe wakisema Linux imekuwa njia ya wachakachuaji. Mwezi mmoja kabla, GTA Online ilikuwa imewekewa BattlEye na wachezaji wa Linux wakabaki nje. Valorant haijawahi kufunguka huko, na Battlefield 6 nayo imewafungia.

Hoja ya wenye gemu si porojo. Kwenye Linux mtu anaweza kujitengenezea kerneli yake mwenyewe na kuifundisha kumdanganya mlinzi. Mlinzi hana ukuta wa kuegemea. Upande wa pili nao una neno. Uchakachuaji umejaa Windows pamoja na walinzi wote hao, na kumpa mgeni funguo za chumba cha ndani kuna gharama. Julai 2024 faili moja mbovu la programu ya usalama ya CrowdStrike, inayofanya kazi ndani ya kerneli, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Haikuwa programu ya gemu, ila chumba ni kile kile. Mimi naona wenye gemu wana haki ya kulinda mashindano yao, ila wengi wao wamechagua njia rahisi: kuwakagua wachezaji kwenye seva zao kunagharimu zaidi kuliko kumwekea kila mmoja mpelelezi nyumbani kwake. Lakini falsafa hii haimsaidii kijana ambaye rafiki zake wote wako Fortnite kila jioni. Kwake Linux ni upweke.

Kwenye kompyuta ya mezani mizani inayumba zaidi. Mwenye kadi ya AMD hana la kuhofia, kwa kuwa draiva zake, yaani programu zinazoiendesha kadi, zinakuja na Linux yenyewe. NVIDIA imeboreka sana, lakini gemu za Direct3D 12 mara nyingi hupoteza kasi ukilinganisha na Windows. Usukani wa mbio, miwani ya uhalisia pepe na programu za kupangia kibodi na kipanya bado ni bahati nasibu. Halafu kuna waliosukumwa: Windows 10 iliacha kuhudumiwa rasmi 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta ambacho kompyuta nyingi za zamani zenye nguvu ya kutosha kwa gemu hazina. Mwezi huo Linux ilivuka asilimia 3 ya watumiaji kwenye takwimu za Steam kwa mara ya kwanza. Asilimia 3! Ndiyo maana Fortnite haijali.

Asiyecheza mashindano ya mtandaoni na mwenye kadi ya AMD ningemwambia aweke Bazzite, toleo la Linux lililoandaliwa kwa ajili ya gemu, leo bila kusita. Mwenye gemu moja tu asiyoweza kuiacha, aanze kwa kuitafuta kwenye ProtonDB, ambako wachezaji huandika kama inafunguka au la, kabla hajagusa diski. Mwenye diski mbili anaweza kuweka mifumo yote miwili, kila mmoja na diski yake, kwa sababu sasisho la Windows limeshawahi kuvuruga uwashaji wa Linux zilizokuwa jirani yake.

Valve nayo, Novemba 2025, ilitangaza kompyuta mpya ya sebuleni yenye SteamOS, ikairudishia jina lile lile la Steam Machine. Safari hii inakuja na maelfu ya gemu ambazo hakuna aliyeombwa kuziandika upya. Valorant na Battlefield 6 hazimo.