Kasi au Usahihi: Kuchagua Kifaa cha Kufuatilia Macho kwa Maabara ya Mombasa

Maabara inayotaka kuchunguza jinsi watu wa Mombasa wanavyosoma Kiswahili, kwa hati za Kirumi na kwa zile za Kiarabu ambazo bado zina wasomaji wake, hukabiliwa mapema na swali la fedha: inunue mtambo mmoja wa gharama kubwa, au kwa fedha hizo hizo ipate vifaa vidogo kadhaa? Wauzaji hupenda kulijibu kwa kutaja kasi. EyeLink 1000 Plus ya kampuni ya SR Research ya Kanada hupiga picha za jicho hadi mara 2,000 kwa sekunde. Tobii Pro Spectrum, inayotoka Uswidi, hufika 1,200. Gazepoint GP3 hupiga 60 tu, kwa bei ambayo hata idara ndogo inaweza kuimudu.

Vyote vitatu hutumia mbinu moja. Mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, humulika jicho, kamera huona mboni pamoja na nukta ya mng'ao kwenye konea, yaani tabaka angavu la mbele ya jicho, na programu hukokotoa mahali panapotazamwa kutokana na nafasi iliyopo kati ya viwili hivyo. Jicho linaposoma halitiririki juu ya mstari: hutua kwa takriban milisekunde 200 hadi 250, kisha huruka kwa milisekunde 20 hadi 40. Kifaa cha picha 60 kwa sekunde hupata picha moja kila milisekunde 17 hivi, kwa hiyo mtuo hukijia wazi ilhali mruko huambulia picha moja au mbili. Anayechunguza ni tangazo lipi linalotazamwa kwanza hahitaji zaidi ya hapo.

Kwa Kiswahili, hata hivyo, usahihi una uzito kuliko kasi. Neno kama "hawatatuandikia" limebeba ukanushi, mtenda, wakati na mtendwa kabla mzizi haujafikiwa. Likiandikwa kwa herufi zenye upana wa milimita 3, na msomaji akakaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, kosa la nusu digrii, ambalo watengenezaji hulitangaza kwa fahari, ni kama nusu sentimita, yaani herufi moja na nusu au zaidi kidogo. Kifaa kinaweza kuripoti "ta" kumbe jicho lilikuwa kwenye "tu". Kuegemeza kidevu na paji la uso hupunguza tatizo hili, na hapo ndipo mtambo mkubwa unapostahili bei yake.

Wanaotetea vifaa vidogo wana hoja nzito. Mzee wa Likoni aliyejifunza hati za Kiarabu utotoni hatavuka feri kwa urahisi ili akaweke kidevu kwenye fremu, bali kifaa kidogo kitamfuata kwake. Washiriki wakiwa wengi, makosa ya kubahatisha hupungua, ingawa yale yanayoegemea upande mmoja hubaki palepale.

Hata hivyo, swali ambalo Mombasa ina nafasi nzuri ya kulijibu linahitaji kasi. Msomaji wa Kiingereza hunufaika na herufi 3 au 4 upande wa kushoto wa anapotazama, na 14 au 15 upande wa kulia. Mwaka 1981 mtafiti Pollatsek na wenzake walionyesha kwamba kwa wasomaji wa Kiebrania, wanaoanzia kulia, eneo hilo huegemea kushoto. Wao walilinganisha lugha mbili. Hapa mtu mmoja anaweza kusoma lugha moja kwa hati mbili. Jaribio la kupima eneo hilo hubadilisha maandishi ya skrini kila jicho linaporuka, na kifaa cha picha 60 huchelewa kulifanya. Kwa sababu hiyo ningenunua mtambo mkubwa kwanza, na kifaa kidogo baadaye fedha zikiruhusu.

Kamera ya kawaida ya kompyuta, ambayo ni rahisi kuliko vyote, siipendekezi: chini ya mwanga wa kawaida mboni nyeusi haitofautiki vizuri na jicho la kahawia iliyokolea, ilhali kwa infraredi tofauti hiyo huonekana. Infraredi nayo ina adui wake, jua. Chumba cha maabara kisikae wazi kwa jua la pwani, ambalo lina infraredi tele. Wanja pia, ukikolezwa, programu inaweza kuudhania kuwa ni mboni.

Kuna pia suala la kampuni kutoweka. Eye Tribe ilinunuliwa na Facebook mwaka 2016, SMI ikanunuliwa na Apple mwaka 2017, na maabara zilizotegemea vifaa vyao zikabaki bila vifaa vipya vya kununua. Pupil Core ya Berlin, ambayo msimbo wa programu yake uko wazi, ina unafuu katika hili, ingawa miwani yake inafaa zaidi kwa mtu anayetembea kuliko kwa msomaji wa mstari.

Kabla ya kutia saini, muuzaji aombwe kuleta kifaa cha majaribio ndani ya chumba kitakachotumika, kipimwe kwa wavaa miwani, waliopaka wanja na wazee, na makosa yahesabiwe kwa milimita kwenye maneno ya Kiswahili. Asiyekubali jaribio hilo, bei yake isijadiliwe.