Visiwa vya Mafia: mvuvi hakuwa adui wa hifadhi

Mgeni anayeng'oa nanga Utende, kijiji cha kisiwa kikuu cha Mafia, kwa mashua ya tanga, maji yakiwa yamejaa, anaweza kuona mengi kabla ya jua kuzama: popo wakubwa waliojining'iniza mitini kisiwani Chole, magofu ya mji wa kale wa Kua kisiwani Juani, fukwe wanakotaga kasa, na mafundi wa vyombo vya baharini wa kisiwa cha Jibondo. Nani ameyatunza haya yote? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba hifadhi ya bahari iliyaokoa kutoka mikononi mwa wavuvi. Nusu ya jibu hilo ni kweli.

Baruti moja ya kuvulia samaki huvunja matumbawe yaliyochukua miongo kukua, na juya, wavu mkubwa wa kukokota, likipitishwa juu yake humaliza kilichobaki. Tangu 1995, Mafia ilipopata hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, kumekuwa na doria na sheria, na kiingilio cha watalii husaidia kuzigharamia. Anayetaka yote hayo yaondolewe hajafikiri vizuri.

Lakini kabla ya hifadhi, waliolalamikia baruti walikuwa wenyeji wenyewe. Wapiga baruti wengi walitoka nje ya Mafia, na wanavijiji waliipokea hifadhi wakitumaini itawafukuza. Masharti yalipogeukia nyavu zao, wengi walivunjika moyo, na upinzani wa Jibondo ukawa mkali. Leo upinzani huo husimuliwa kana kwamba watu wale hawakutaka bahari ilindwe. Wanadhulumiwa.

Tazama ukubwa wa hifadhi: kilomita za mraba 822. Ndani yake zimo kusini mwa kisiwa kikuu, Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na bahari iliyo kati yao. Mtu wa Jibondo huzaliwa, huvua na huzikwa ndani ya 822 hizo. Kisiwa chake ni mwamba mtupu. Kilimo ni haba na maji matamu ni shida ya miaka yote. Ukifunga eneo moja la uvuvi, mwenye boti ya mashine atasogea mbele kidogo. Mwenye ngalawa atangoja upepo, na kusi, upepo mkali wa kusini, likishika hawezi kutoka nje ya miamba. Sheria ni moja, lakini mmoja inampotezea saa, mwingine inamnyima mboga ya wiki nzima. Sijaona hesabu hii ikipewa uzito unaostahili katika mijadala ya uhifadhi.

Tena, potwe, papa wakubwa wanaovuta watalii Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, kati ya Oktoba na Machi wako nje ya mipaka ya hifadhi, wakila dagaa na uduvi katikati ya maji ya wavuvi. Historia nayo haikutunzwa na serikali peke yake. Kua ilivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 ikabaki magofu, lakini msikiti wa Jibondo una mlango wa nakshi unaosemekana kutoka huko.

Ndiyo maana naona safari za tanga zinastahili kupewa kipaumbele, mradi chombo kiwe cha mwenyeji na nauli iishie kwa nahodha na mabaharia wake. Wenye hoteli husema boti ya mashine ni salama na huenda kwa saa. Kuhusu usalama wana haki: majaketi ya kuokolea na ukaguzi wa vyombo havina mjadala, na siku za kusi kali mashua ibaki bandarini. Kuhusu saa, hoja ni dhaifu. Kati ya Chole na Juani maji yakipwa watu huvuka kwa miguu, na mashine haielei juu ya mchanga. Ratiba huko hupangwa na bamvua, yaani maji makuu ya kujaa na kupwa, na anayeijua bamvua kuliko wote ni yule mvuvi aliyepunguziwa eneo lake. Hifadhi ingeweza kuanza kwa kumpa yeye leseni ya kubeba wageni, kwa ada anayoweza kuilipa.